Nilivyowafuturisha majirani zangu wa Mikindani

Nimezaliwa na kukulia Ndanda, mkoani Mtwara, kando ya abasia ya watawa Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906, ambako kwenye mabenchi ya hospitali Mkristo na Mwislamu hungoja zamu pamoja. Kwa hiyo nilipohamia Mikindani, pwani ya mkoa huohuo, katika mtaa ambao karibu nyumba zote ni za Waislamu, nilidhani ninajua vizuri kuishi na watu wa imani nyingine. Mwaka 2025 Ramadhani ilitangulia Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, kwa siku chache tu, nami nikaamua kwamba sadaka yangu ya Kwaresima itakuwa kuwafuturisha majirani.

Ndugu mmoja wa jumuiya yetu alinihakikishia kwamba chakula ni chakula, nipike tu nipeleke. Nikachinja jogoo wawili kwa mkono wangu, tukapika pilau, na kabla ya magharibi nikaipeleka kwa mama wa nyumba ya pili. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, na asubuhi sufuria ikarudi imesuguliwa hadi inang'aa. Nilifurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu mjukuu wake akanieleza, bila ubaya wowote, kwamba pilau walipewa mafundi Wakristo waliokuwa wakijenga jirani, "kwa sababu bibi alisema kuku hatujui kachinja nani, na sufuria hatujui imepikiwa nini." Sufuria ile tulikuwa tumeipikia nyama ya nguruwe wakati wa Krismasi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe nililijua tangu utotoni: huku kwetu hata kwenye harusi ya Kikristo huitwa Mwislamu achinje, ili wageni wote wale wakiwa na amani.

Mtu mwingine alinishauri ninunue magunia ya mchele, niyakabidhi hadharani na kupigwa picha. Ushauri huo uliniudhi, maana Injili ya Mathayo inasema wazi kwamba utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume.

Nilikwenda kwa yule mama, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akanijibu, "Mwanangu, kuku walete wakiwa hai, na sufuria nitatoa mimi." Basi nikapeleka kuku, muhogo, nazi, tende, sukari na mkaa, vyote kwa shilingi 60,000 hivi, na sehemu kubwa ilikwenda kwa kuku. Muhogo ununuliwe asubuhi, kwani alasiri ya Ramadhani sokoni hubaki ule wenye nyuzi. Mwanawe alichinja, mimi nikaketi juu ya mbuzi uani kwake nikikuna nazi, na kiu yangu nikaivumilia hadi adhana, iliyotoka yapata saa kumi na mbili na nusu. Siku hiyo nilikula nao katika sinia moja, na nilishukuru kuliko nilivyoshukuru kwa dua ya kwanza.

Baadaye mama yule alitualika, mimi na mke wangu, tukafuturu kwake siku ya Ijumaa. Wenzetu walikuwa na mchuzi wa nyama; mbele yetu sisi wawili paliwekwa samaki changu wa nazi. Sikuwahi kumwambia kwamba Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama. Alikuwa amemuuliza mke wangu kisimani, siku mbili kabla.