Mita 230: siku moja ya kazi yangu Pune

Saa 11:30 alfajiri

Mvua imenyesha usiku kucha. Julai hapa Pune, magharibi mwa India, ni kilele cha mvua zinazoletwa na kusi, upepo uleule uliokuwa ukivirudisha vyombo vya Wahindi kwao kutoka pwani yetu. Nilipokuwa nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, kusi kwangu ilikuwa kijibaridi cha asubuhi na bahari iliyochafuka. Hapa ndiyo inayoamua abiria akishuka kwenye basi atakanyaga lami au dimbwi. Kabla sijafungua dirisha nasikiliza matairi ya pikipiki huko chini. Yakilia shaa, maji yamepungua. Yakilia chubwi, nivae mabuti.

Leo mabuti.

Wa nyumbani huniuliza nafanya kazi gani hasa huku. Huwa nawajibu hivi: metro, yaani treni ya mjini, ina wenyewe, mabasi yana wenyewe, njia ya miguu ina wenyewe, taa za makutano zina wenyewe, na lile sanduku la transfoma lililoziba nusu ya njia ya miguu nalo lina mwenyewe. Abiria ni mmoja, na anapita kwa wote hao ndani ya dakika kumi. Mimi na wenzangu wanne tunawakutanisha wenye mali hao ili yule mmoja apite bila kuumia. Nilikuja kusomea mipango miji, nikabaki.

Saa 12:45 asubuhi

Niko kwenye kituo cha metro ambacho sitakitaja, maana shughuli yake bado haijaisha. Ngazi zinashuka hadi njia ya miguu. Kituo cha basi kiko mita 230 mbele, ng'ambo ya mchepuko ambao magari hukata kushoto bila kusimama. Tumepima kwa gurudumu mara tatu, kwa sababu kila kikao anatokea mtu wa kusema haiwezekani ikawa mbali hivyo.

Mita 230 kwenye mchoro ni kitu kidogo, zinafunikwa na ncha ya kidole. Simama hapa asubuhi ya mvua uzitazame. Mama ana mtoto kiunoni, mwavuli mkono mmoja, mfuko wa chakula mkono wa pili. Anafika kwenye mchepuko, anangoja gari lipite, linapita, linakuja jingine. Basi lake linampita machoni. Kesho atapanda bajaji, na mwezi ujao mumewe atakopa pikipiki, na hapo tumeshawapoteza wote wawili. Pune ni mji wa pikipiki, na nyingi kati ya hizo zilinunuliwa na watu waliochoka kungoja.

Kinachoniuma ni kwamba kazi ngumu zaidi imeshafanyika. Metro ilianza kubeba abiria Machi 2022, na Septemba 2024 ikafika Swargate upande wa kusini. Pale District Court, njia zake mbili zinapokutana, jukwaa la chini liko zaidi ya mita 30 ardhini. Mji ulioweza kuchimba kina hicho kando ya mahakama yake hauwezi kushindwa na mita 230 za juu.

Wanafunzi wawili wanaonisaidia wanahesabu wanaotoka metro kwenda basi. Kufikia saa 3 karatasi tatu zimejaa vijistari, na wino umeanza kuchuruzika.

Saa 3:10 asubuhi

Chai ya tangawizi na iliki, ya moto kweli, kwenye kibanda cha pembeni. Kando yake huketi mama anayeuza mashada ya yasmini ambayo wanawake huyachomeka nyweleni asubuhi wakienda kazini. Namwita maushi, kama wanavyomwita wote; ni kama sisi kusema mama mdogo. Yeye huniita tai, yaani dada.

Leo hakunisalimia kwanza. Alikwisha sikia kwamba tunataka kukihamishia kituo cha basi hapa, chini ya ngazi.

"Tai, basi likija hapa, mimi naenda wapi?"

Nilikuwa na jibu la kisheria. Sheria ya wauzaji wa mitaani ya mwaka 2014 inamlinda: hawezi kuondolewa kiholela, na kuna kamati ya kupanga maeneo ya biashara. Lakini yeye hakuuliza sheria. Aliuliza mahali, na kwenye mchoro niliokuwa nao mfukoni, pale anapoketi palikuwa na nguzo ya kibanda cha abiria. Nilimwambia ukweli, nikamwomba anipe mpaka jioni.

Saa 4 asubuhi

Basi kuelekea mjini. Vibao vingi vimeandikwa kwa Kimarathi, hata namba, kwa hiyo somo langu la kwanza hapa lilikuwa kusoma tarakimu upya kama mtoto wa chekechea. Somo la pili lilikuwa majina. Kwa Kimarathi dada ni kaka mkubwa, na kaka ni baba mdogo. Konda mzee anaitwa kaka, dereva kijana anaitwa dada, na sasa hata ndotoni sishtuki.

Tunapita barabara ambako mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake pekee, ulijaribiwa. Wengi nyumbani hawajui kwamba jaribio la kwanza la mwendokasi India lilifanyika Pune, mwishoni mwa 2006, kutoka Katraj hadi Swargate na Hadapsar. Lilianza kwa shida nyingi. Mwaka 2015 wakarudi na mfumo ulioboreshwa walioupa jina la Rainbow: vituo katikati ya barabara, sakafu ya jukwaa ikilingana na ya basi. Tangu hapo vipande vyake vingine vimevunjwa, kikiwemo cha Nagar Road. Delhi waliivunja yao yote mwaka 2016, mwaka uleule Dar es Salaam ilipoanzisha yetu, Kimara hadi Kivukoni.

Nadhani kinachoziua njia hizi ni macho. Njia ya basi inayofanya kazi vizuri huonekana tupu, kwa sababu mabasi hayakai ndani yake. Mtu aliyenaswa kwenye foleni anaitazama na kuona lami inayopotea bure, haoni mamia waliopita dakika moja kabla. Anayepiga simu kulalamika ni yeye. Abiria wa basi hapigi simu, keshafika.

Miji yangu yote miwili ilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu, Dar es Salaam ya 2018 na Pune ya 2020. Nilijivunia mara mbili. Lakini tuzo haimsogezei mtu kituo.

Saa 6 mchana

Kikao. Nitakaa hapa kidogo, maana siku yote ilikuwa humu.

Mpanga ratiba za mabasi alianza: mabasi matatu yakifika pamoja, la mwisho litasimama ndani ya makutano. Afisa wa trafiki akaunga mkono. Mhandisi wa barabara akasema chini ya njia ile kuna mtaro, na mvua hizi hataki mtu aguse zege. Wa metro akakumbusha kuwa ardhi ya chini ya ngazi ni yao na kila kitu kinahitaji kibali. Wa umeme akasema transfoma haihami mwaka huu. Hakuna aliyekuwa akisingizia. Ndicho kigumu katika kuratibu: unakaa mezani na watu watano, wote wana haki, na mama mwenye mtoto bado analowa.

Mchoro wetu wa zamani uliweka kidaka, basi liingie pembeni kupakia. Mwenzangu, ambaye ameendesha vikao hivi miaka mingi kunishinda, akaufuta kwa kalamu nyekundu mbele ya wote. Kidaka kinakula njia ya miguu, na basi likishaingia hakuna anayeliachia njia litoke. Akachora kinyume chake: njia ya miguu ndiyo itoke nje, ilifuate basi kwenye mstari wake. Basi linasimama palepale, linapakia, linaondoka. Mtaro hauguswi na transfoma inabaki, kwa kuwa upana unaongezeka upande wa barabara. Kituo kinasogea mbele kidogo ya ngazi, mkia wa mabasi unabaki nje ya makutano, na nyuma ya kibanda inapatikana nafasi ya mtu kuketi na kikapu chake.

Afisa wa trafiki akatikisa kichwa. Magari yatakayokuwa nyuma ya basi yatasubiri, na watakaolaumiwa ni askari wake.

Nikamuuliza kuhusu mwezi uliopita. Kila mwaka mahujaji wa Kihindu waendao mji wa Pandharpur hupita Pune kwa miguu, msafara wa mtakatifu Dnyaneshwar kutoka Alandi na wa mtakatifu Tukaram kutoka Dehu, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mji unafunga barabara kubwa, mabasi yanazungushwa, na watu wanatoka na maji na ndizi kuwapokea. Yeye mwenyewe alisimamia makutano yale siku hizo. Nikamwomba atupe sekunde za kupakia abiria tu, si siku mbili.

Alikaa kimya. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake alikuwa kwenye msafara.

Mhandisi akaongeza kuwa sera ya taifa ya usafiri mijini, tangu 2006, inataka tusafirishe watu kabla ya magari, na kwamba amechoka kuinukuu bila kuijenga. Tukakubaliana: majaribio ya wiki sita, rangi na vizuizi vya plastiki, bila zege, na mchepuko ufungwe saa za msongamano. Wa metro ataandika barua ya kibali leo hii.

Saa 9 alasiri

Muhtasari. Naandika jina la kila ofisi na tarehe ya kila ahadi, nautuma kabla watu hawajafika mezani kwao.

Saa 11:15 jioni

Nimerudi chini ya ngazi na chokaa na utepe wa kupimia. Wanafunzi wanachora ukingo mpya, mimi nachora kibanda, halafu nyuma yake mraba mdogo.

Maushi akainuka, akaingia ndani ya mraba, akapima kwa shubiri zake, huku na huku. Akaketi. Akanyoosha mkono kama anayempa mteja shada, kuona kama atamfikia anayeshuka ngazi. Hakumfikia. Tukafuta, tukasogeza mstari hatua moja. Akajaribu tena, akamfikia.

Wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa vilima. Akaokota kipande cha tofali, akakiweka kwenye kona ya mraba wake, kisha kingine kwenye kona ya pili.

"Chokaa itaondoka usiku," akasema. "Hizi zitabaki."