Nilivyofundisha saratani ya utumbo kwa ngazi za maabara

Swali lilitoka kwa msichana wa kidato cha tatu: "Mwalimu, kama ukuta wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, mbona tena unashikwa na saratani?" Kengele ikaniokoa.

Ofisini mwenzangu akanishauri, "Waache wakariri." Ushauri mbovu! Kesho yake nikachora ubaoni mishale ya rangi tatu, Wnt (ishara inayoiambia seli iongezeke) huku, APC (jeni inayoizima ishara hiyo) kule, mpaka chaki ikanipiga chafya. Kugeuka, nusu ya darasa imesinzia. Nami, kusema kweli, nilikuwa nimepotea kwenye mishale yangu mwenyewe.

Aliyeniokoa ni makanga wa matatu pale Kondele, Kisumu. Anaita, na anayegeuka ni aliye karibu. Kumbe ndivyo seli za utumbo zinavyoitana!

Nikanunua maandazi ya kama mia mbili hivi ya kuwahonga, nikawapanga kwenye ngazi za maabara. Ngazi ni kishimo cha ukuta wa utumbo. Mimi niko chini kabisa nanong'ona, "Ongeza!" Hiyo ndiyo Wnt. Anayenisikia ni seli shina, yaani seli inayozaa nyingine (hizo za utumbo mwanasayansi Hans Clevers na wenzake kule Utrecht, Uholanzi, walizitambua mwaka 2007): anamwita mwenzake kutoka kundi la pembeni. Wakibanana, wa juu wanasukumwa, na huko juu sauti yangu haifiki, hawaiti mtu. Aliyefika kileleni amekufa; anazunguka nyuma ya jengo kuzaliwa upya. Nilipotoa watano kwa mpigo, kama jeraha la amiba, nilipaza sauti kidogo tu na pengo likazibika.

Sasa ujanja wenyewe. Nilimvuta kando yule muuliza swali: "Wewe APC yako imeharibika. Hata ukiwa ngazi ya nane jifanye unanisikia, usikubali kusukumwa, na kila utakayemwita mpe agizo hilohilo." APC huzima agizo ndani ya seli pasipo na mwitaji, katika saratani nyingi za utumbo mpana ndiyo huharibika mapema.

Dakika tatu hazijaisha, ngazi ya nane imefurika, reli inalia, wa chini hawapiti. Mimi nimenyamaza kimya, wao wanazidi kuitana.

Naibu wa mwalimu mkuu akatoka mbio. "Nini hii?"

"Polipu, Madam, kivimbe cha ukuta wa utumbo," akajibu msichana kutoka katikati ya msongamano. "Bado si saratani, huchukua miaka. Ukitutoa sasa, mgonjwa amepona."

Akatutoa. Mimi nikiwa wa kwanza.