Kizito hakusema "ngoja kwanza"

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Leo 3 Juni nimeshinda Namugongo, hapa Uganda, mahali wanapokumbukwa mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani ya Kikristo. Watu ni wengi ajabu! Mbele yangu mama mmoja, kandambili mkononi, vumbi jekundu hadi magotini, anasali rozari huku mtoto amelala fofofo mgongoni. Mimi ni wa upande wa walokole, rozari siijui, lakini "Amina" niliitikia naye.

Kilichonishika ni habari ya Kizito, mdogo miongoni mwa mashahidi hao. Mei 1886, kule Munyonyo, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, amewaka hasira, na usiku huohuo Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, akawabatiza wale ambao walikuwa bado wanafundishwa. Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu. Siku chache baadaye, 3 Juni, wakachomwa moto hapahapa. Kizito hakusema ngoja nikue, ngoja nioe kwanza. Sisi tunahubiriwa kwenye teksi kila asubuhi, tunamwambia dereva aongeze redio.

Yohana sura ya 3 inasema nuru ilikuja na watu wakapenda giza. Mimi nadhani si kwamba hatuioni. Tunaiona sana, ila ikiwaka ndani, na vilivyofichwa uvunguni vitaonekana.

Wakati wa kurudi shemeji yangu wa Arua akaniuliza, "Shemeji, nikiokoka, madeni yangu yatafutwa?" Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia dhambi zitafutwa, madeni utalipa. Akanyamaza hadi Kireka, kisha akauliza ibada ya Jumapili inaanza saa ngapi.