Mashine ya moyo ilikuwa inanipiga shoti za bure, tulivyoituliza

Nyie wenye mashine ya moyo (ICD), ile inayopachikwa kifuani na kupiga shoti moyo ukidunda mdundo wa kuua, sio ile betri ya kawaida ya kusaidia mapigo, naombeni niwaambie yangu. Mimi niko Newala, moyo wangu umepanuka, niliwekewa Dar kama kinga tu maana sijawahi kuzimia. Sasa msimu wa korosho niko ghalani nanyanyua gunia kwenye mzani, ghafla pwaa! kifuani, niko macho kabisa naongea, sijakaa vizuri ikapiga tena. Watu wakatawanyika, mzee mmoja akasema huyu ana mashetani, wacha wee.

Nikapanda basi kwenda Dar, safari yenyewe mnaijua. Kliniki wakaunganisha na kompyuta yao, kumbe mashine inarekodi kila kitu. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka ovyo, mapigo yakafika 185 kwa dakika, na mashine imepangwa kuanza kupiga kwenye 170, yenyewe ikaona kasi ikadhani ndo ule mdundo unaoua. Wakaangalia na waya unaotoka kwenye mashine kuingia moyoni maana ukikatika unaleta makelele mashine inayahesabu kama mapigo, wangu mzima.

Dokta akapandisha ianzie 200. Mi nikaogopa, je siku ya kweli ikichelewa? Akanambia kuna utafiti wa 2012 unaitwa MADIT-RIT, wagonjwa kama 1500 waliowekewa kwa kinga kama mimi, waliopangiwa 200 shoti za bure zilipungua sana na hata vifo vilipungua. Hapo nikatulia. Akaongeza dozi ya bisoprolol, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, na dawa ya kuzuia damu isigande, maana huo mtetemo unaweza kuleta kiharusi.

Mama watoto naye alikuwa anaogopa kulala karibu yangu, akaambiwa hata akinigusa ikipiga atahisi kitetemo tu, haimdhuru.

Sasa tuna utaratibu: ikipiga moja na niko fresh, napiga simu kliniki. Zikiwa mbili au zaidi, au moja tu lakini najisikia vibaya, hospitali moja kwa moja, na ndani ya waleti kuna barua ya dokta inayosema kipimo cha umeme wa moyo kikionyesha shoti ni za bure waweke sumaku juu ya mashine, inaacha kupiga kwa muda ule sumaku ipo, wakiitoa inarudi kazini. Hiyo barua nimemtolea kopi na shemeji mwenye bodaboda.