Harlech, ngome iliyofungwa kwa bahari

Treni itokayo Shrewsbury hukatwa sehemu mbili Machynlleth: mabehewa mengine huenda Aberystwyth, mengine hufuata pwani hadi Pwllheli. Kwa Harlech, kwenye pwani ya Welisi, ni haya ya pili, kwa hiyo uliza kabla ya kuketi.

Nilianza kwa kushuka Machynlleth, mji ambao Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wawelisi dhidi ya Waingereza, aliitisha bunge lake mwaka 1404. Jengo la mawe linaloitwa Nyumba ya Bunge limejengwa baada ya zama zake, basi usiliangalie kana kwamba kuta zile zilimsikia. Wafuasi wake walimtangaza mtawala wa Welisi tarehe 16 Septemba 1400 huko Glyndyfrdwy, kufuatia ugomvi wa ardhi na jirani yake, Reginald Grey wa Ruthin. Ugomvi wa mipaka peke yake haungewasha nchi nzima. Wawelisi walikuwa na kinyongo tangu Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alipowateka mwaka 1283.

Mwendo wa kilomita 6 hivi unakufikisha Pennal. Hapa ndipo ilipoandikwa, mwaka 1406, barua ya Owain kwa mfalme Charles wa Sita wa Ufaransa, ambayo leo imehifadhiwa Paris. Humo Owain alitaka vyuo vikuu viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko vita vyake vyote: adui yuko mlangoni, naye anapanga watoto wasome wapi.

Harlech, panda kutoka stesheni taratibu, mlima ni mkali. Ngome imekaa juu ya jabali, na ubavuni ina ngazi ya vipandio 108 iliyoshuka hadi gati. Siku hizi bahari imerudi nyuma, na chini pana nchi kavu. Bila kuifikiria bahari ile huwezi kuielewa ngome. Katika uasi wa Mwelisi mwingine, Madog, wa 1294 walinzi wa Kiingereza waliokolewa na chakula kilicholetwa kwa meli. Owain naye alipokuja, ghala lilikuwa na ngao 3, kofia za chuma 8, mikuki 6 na mizinga 4 tu, na meli za Wafaransa zikaziba njia ya maji. Ngome ikaanguka mwaka 1404, akahamishia hapo familia na baraza lake.

Kisha mambo yakamgeukia. Waingereza waliizingira kwa mizinga mwaka 1408, na safari hii hakuna meli iliyokuja kuiokoa. Mkwe wa Owain, Edmund Mortimer, alifia ndani. Chakula kilipokwisha mapema 1409, ngome ikasalimu amri. Mke wa Owain, Margaret Hanmer, na binti zake walichukuliwa mateka hadi London. Owain mwenyewe hakukamatwa, wala hakuna Mwelisi aliyemuuza.