Mauritius 1810: vita vya Waingereza na Wafaransa vilivyofika hadi Kilwa na Unguja

Vita vya kikoloni vya Waingereza na Wafaransa vikitajwa, wengi hukimbilia Quebec au Fashoda. Kwa msomaji wa pwani yetu, pa kuanzia ni Mauritius, iliyoitwa Île de France tangu Wafaransa walipoichukua mwaka 1715.

Kisiwa kipo karibu na njia ya merikebu za India, zilizokuwa zikirudi Uingereza na hariri, vitambaa na shura ya kutengenezea baruti. Manowari za Kifaransa na maharamia wenye kibali cha serikali walitoka Port Louis, wakateka, wakarudi kuuza shehena. Mwaka 1800 Robert Surcouf aliiteka Kent, merikebu kubwa kuliko yake. Julai 1810, karibu na Ngazija na ndugu zake, kikosi cha Mfaransa Duperré kilizikamata mbili kwa mpigo, Windham na Ceylon.

Udhaifu wa kisiwa ulikuwa chakula. Ardhi ilipandwa mazao ya biashara, hivyo mchele na ng'ombe walitoka Madagascar na nafaka nyingine Bourbon, yaani Réunion ya leo. Waingereza wakaanzia pembeni: Rodrigues mwaka 1809, ipate kuwa kituo cha maji na nyama, kisha Bourbon Julai 1810. Kabla ya hapo manowari iliyozingira kisiwa ililazimika kurudi Rasi ya Tumaini Jema au India kwa matengenezo, na nafasi yake ikabaki wazi.

Halafu wakaharibu wenyewe. Agosti 1810 waliteka Île de la Passe, kisiwa kidogo chenye ngome kwenye mlango wa bandari ya Grand Port, kusini mashariki. Duperré alipokaribia tarehe 20, walipandisha bendera ya Ufaransa ili aingie mtegoni. Aliingia kweli, akawapita chini ya mizinga yao, akatia nanga ndani akizipanga merikebu zake mstari mmoja nyuma ya matumbawe na mafungu ya mchanga. Alama za mlangoni zikaondolewa.

Mlango wa Grand Port ni mwembamba na una kona. Merikebu ya vita hukaa chini sana majini, na rubani asiyeujua akikosea kidogo tu, keshapanda mwamba. Jioni ya tarehe 23 Kapteni Pym wa Uingereza alishambulia kwa merikebu nne bila kupima kina. Sirius yake ikakwama mbali, mizinga yake isifike vizuri. Magicienne ikakwama ikiwa imeelekeza gubeti kwa adui, kwa hiyo mizinga michache tu ya mbele ndiyo iliyoweza kupiga, na ile ya ubavuni ikawa mzigo. Iphigenia ilikuwa inaelea, lakini fungu la mchanga liliizuia isisogee mbele. Nereide ya Willoughby ikabaki kupambana karibu peke yake.

Amari za Wafaransa nazo zilikatwa kwa risasi, merikebu zao zikasukumwa ufukweni na kurundikana. Hapo ndipo maamuzi yao yaliponipendeza kitaalamu: Bellone, merikebu ya Duperré, ndiyo iliyokuwa bado inaonyesha ubavu wote, basi watu na baruti kutoka merikebu zilizozibwa nyuma yake vikahamishiwa humo, mizinga yake isinyamaze usiku kucha. Kwenye Nereide, kati ya watu wapatao 280, zaidi ya 200 waliuawa au kujeruhiwa. Magicienne na Sirius zilichomwa moto na mabaharia wao wenyewe, na Iphigenia ikasalimu amri. Jina Grand Port limechongwa kwenye Arc de Triomphe mjini Paris.

Ushindi huo haukulisha mtu. Gavana Decaen alikuwa na askari wa kudumu wasiozidi 1,500 hivi, na Waingereza wakarudi na merikebu zipatazo 70 na maelfu ya askari. Safari hii walipima kwanza. Pwani ya kaskazini ilidhaniwa kuwa imefungwa na mwamba, lakini walipata mlango, wakashuka karibu na Grand Baie tarehe 29 Novemba na kuelekea Port Louis kwa nchi kavu, mahali ambapo mizinga ya bandari haikuelekezwa. Shida yao kubwa njiani ilikuwa kiu na jua. Tarehe 3 Desemba mji ulisalimu amri.

Masharti yalikuwa laini mno: askari wa Kifaransa walisafirishwa kwao bila kuwa mateka, na wenyeji wakabaki na dini, sheria na mila zao. Ndiyo sababu hadi leo sheria za kiraia za Mauritius zina mizizi ya Kifaransa, na Krioli ndiyo lugha ya mitaani. Mkataba wa Paris wa 1814 uliwarudishia Wafaransa Bourbon, isiyo na bandari ya maana, na Uingereza ikabaki na Mauritius, Rodrigues na Ushelisheli. Chagos nayo ilitawaliwa kutoka Port Louis mpaka ilipokatwa mwaka 1965.

Sasa Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa huko apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta (sarafu za fedha) 20 kila mmoja, wakalime Île de France na Bourbon. Baada ya 1810 Mauritius ilikuwa chini ya sheria ya Uingereza ya 1807 iliyopiga marufuku biashara hiyo, ingawa magendo yaliendelea kwa miaka. Ili kuziba upande wa wauzaji, Kapteni Moresby wa Uingereza alimfuata Sayyid Said, na mwaka 1822 ukatiwa saini mkataba wa kukataza kuwauzia Wakristo watumwa. Ndani ya milki ya Sayyid biashara iliruhusiwa, kwa hiyo watu waliokuwa wakikamatwa bara hawakuacha kukamatwa. Soko liligeuzwa tu. Mikarafuu, ambayo Wafaransa waliipeleka Mauritius mwaka 1770 kutoka visiwa vya Maluku, ilikuwa imekwisha fika Unguja, na wale ambao zamani wangepakiwa kwenda Port Louis wakaanza kufyeka mashamba ya karafuu.