Kadi ya neno moja la Kiingereza iandikwe vipi

Wengi wanaotaka msamiati wa Kiingereza wa ngazi ya juu huanza na daftari: neno kushoto, tafsiri kulia, maneno hamsini kwa siku. Wiki ikiisha yamebaki machache, na hata hayo yakiingia kwenye insha yanazungushiwa wino mwekundu. Maana imepatikana, ila Kiingereza hakisemi hivyo. Badala ya daftari, tumia kadi: kikaratasi cha neno moja, swali mbele na jibu nyuma.

Kwanza, ujifunze maneno yapi? Mwaka 2000 mtaalamu wa isimu Averil Coxhead alichapisha orodha iitwayo "Academic Word List", yenye familia 570 za maneno (neno pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, ukiacha yale 2,000 ya kila siku. Familia hizo zinachukua takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya aina hiyo. Orodha ina mafungu 10, na la kwanza ndilo lenye maneno yanayotumika zaidi, kwa hiyo anzia hapo. Madude kama "sesquipedalian", yanayosambazwa mitandaoni ili watu waonekane wasomi, achana nayo. Unaweza kusoma magazeti mwaka mzima usikutane nalo.

Sasa chukua "mitigate". Ukiandika tu "punguza" kwenye kadi, siku moja utaandika "mitigate the price", na msomaji atakunja uso. Neno hili hupunguza makali ya jambo baya: "risk", "impact", "damage", "effects". Bei inatumia "reduce". Tena lina jirani anayefanana nalo, "militate", ambalo hufuatwa na "against" na maana yake ni kuwa kikwazo kwa jambo fulani. Hata wenye lugha yao huyachanganya.

Kwa hiyo mbele ya kadi weka sentensi nzima yenye pengo, na herufi ya kwanza tu ya neno: "Planting trees can m___ the effects of flooding." Nyuma yake andika neno lenyewe, maana kwa Kiswahili, nomino mbili tatu zinazoandamana nalo, na ndugu zake kama "mitigation". Nomino hizo usizibuni; zitoe kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha.

Pia piga mstari chini ya silabi yenye mkazo. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunauhamishia huko bila kujua. Tazama familia moja ya fungu la kwanza: "ANalyse", "aNALysis", "anaLYTical". Mkazo unahama kila mara, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalofuata kanuni yetu. Ukilikariri kwa macho tu, utalisoma vizuri lakini hutalitambua likitamkwa haraka.

Maneno 7 hadi 10 mapya kwa siku yanatosha. Rudia kadi kesho yake, kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na sita, na baada ya mwezi. Kila ukikosa, kadi inaanza upya. Kadi ikikushinda mara nne, tatizo kwa kawaida ni sentensi, siyo kichwa chako: ibadilishe, tafuta nyingine yenye muktadha ulio wazi zaidi.

Kosa ambalo hata vitabu vya mazoezi hulifanya ni kufundisha maneno yanayokaribiana kwa pamoja. "Imply" (kudokeza) na "infer" (kung'amua kutokana na dokezo) yakijifunzwa siku moja yanashikana, na kila ukilihitaji moja linakuja lingine. Lishike la kwanza hadi ulitumie bila kusita, ndipo wiki mbili tatu baadaye ulete la pili.

Mwisho wa wiki andika aya moja yenye maneno matano ya wiki hiyo. Neno likikataa kuingia bila kulazimishwa, lisubiri aya nyingine. Na kama "use" linatosha, "utilise" halikuongezei alama.